Nyuma ya Mdai Kuna Nani?

Ndugu msomaji, kati ya mwezi Oktoba 2023 na Novemba 2024 Serikali ya Tanzania ilikubali kuzilipa kampuni tatu za madini za kigeni jumla ya dola za Marekani milioni 147, ili kumaliza mashauri yaliyofunguliwa dhidi yake katika Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji (ICSID) kilichopo Washington. Winshear Gold ya Kanada ilikubali kulipwa milioni 30. Indiana Resources ya Australia, ambayo ilikuwa imekwishapewa tuzo ya zaidi ya milioni 109 mwezi Julai 2023, iliridhia milioni 90. Montero, nayo ya Kanada, iliridhia milioni 27. Chanzo cha mashauri yote matatu kilikuwa kimoja: kufutwa kwa leseni za kuhodhi maeneo ya madini mwezi Januari 2018, yakiwemo maeneo ya nikeli ya Ntaka Hill huko Nachingwea na ya madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro.

Hatukusudii kuchambua hapa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Lililotushughulisha ni jingine. Nyuma ya kila mmoja wa wadai hawa watatu alikuwapo mtu wa tatu, ambaye hakuwahi kumiliki leseni wala kuchimba hata shimo moja katika ardhi ya Tanzania, lakini ndiye aliyetoa fedha za kuendeshea shauri kwa makubaliano ya kupata fungu lake likifanikiwa. Winshear ilifadhiliwa na Delta Capital Partners ya Marekani, Indiana ikafadhiliwa na Litigation Capital Management, na Montero ikafadhiliwa na Omni Bridgeway. Kwa hiyo sehemu ya fedha iliyotoka katika kodi ya mkulima wa korosho na dereva wa daladala ilikwenda kwa watu ambao mkulima huyo hajapata kuwasikia.

Sasa swali la kujiuliza: tumejuaje? Kampuni hizo zimeorodheshwa katika masoko ya hisa ya Kanada na Australia, na masoko hayo huzitaka ziwaeleze wanahisa wao mambo ya fedha yaliyo mazito, nazo zilitangaza. Mwenye hisa aliyekaa Perth alikuwa na njia ya kumjua anayelipia shauri mapema kuliko mwananchi wa Nachingwea ambaye Serikali yake ndiyo inayodaiwa. Lau kampuni hizo zingekuwa za watu binafsi, zisizo na hisa sokoni, huenda hata leo tusingejua.

Biashara yenyewe ikoje?

Mdai hana fedha za kuendesha kesi, au anazo lakini hataki kuzihatarisha. Hutokea mfadhili, naye hulipa mawakili, wataalamu na ada. Kesi ikianguka, fedha ya mfadhili imekwenda na maji. Ikisimama, hurudishiwa alichotoa, kisha huchukua fungu nono juu yake. Zipo kampuni kubwa ambazo kazi yake ni hiyo tu, na hisa zake huuzwa na kununuliwa kama zile za benki au za kiwanda cha saruji. (Iwapo mkataba wa namna hii unasihi katika fiqhi ya miamala, hilo ni swali zito na lina wenyewe. Hapa tunazungumzia mahakama za dola na kanuni zake.)

Sheria ya Kiingereza, ambayo nchi zetu za Afrika Mashariki ziliirithi kutoka kwa mkoloni, ililiona jambo hili kuwa ni kosa kwa muda wa karne nyingi. Tangu zama za Mfalme Edward wa Kwanza, mwaka 1275, kulikuwa na sheria ya kuwakataza maofisa wa mfalme kuzibeba kesi za watu wengine kwa makubaliano ya kugawana mali inayogombaniwa. Sababu ilikuwa dhahiri. Mkubwa alipokuwa na kinyongo na jirani yake, alimtafuta maskini mmoja mwenye dai, akamsukuma mbele, na hakimu akamhofu yule aliyesimama nyuma. Uingereza ililifuta kosa hilo mwaka 1967. Kenya mpaka leo Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha mkataba wa wakili kununua maslahi ya mteja katika kesi, au wa kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Lakini hilo linamhusu wakili. Mfadhili wa leo si wakili.

Je, ufadhili wa kesi ni uovu mtupu? Hapana, na anayesema hivyo aisome habari ya Posta ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2015 wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu tu mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Watu walifungwa, wakauza nyumba, na wapo waliojiua. Wenzao 555, wakiongozwa na Alan Bates, walifungua kesi ya madai dhidi ya Posta. Hawakuwa na fedha za kupambana na shirika la umma lenye hazina ya serikali nyuma yake. Aliyelipa ni kampuni ya ufadhili iitwayo Therium. Mwaka 2019 Jaji Fraser alitoa hukumu mbili zilizoivua nguo Posta, na mwezi Disemba mwaka huo wakapatana kwa pauni milioni 57.75.

Katika fedha hiyo, takribani milioni 46 zilikwenda kwa gharama za kesi na kwa mfadhili. Watu 555 waligawana kama milioni 12 zilizobaki, wastani wa pauni elfu ishirini na kitu kwa kila mmoja, wengine wakiwa wamepoteza maisha yao ya kazi yote. Pamoja na hayo Bates mwenyewe amejitokeza hadharani kuutetea ufadhili, kwani bila huo, anasema, ukweli usingetoka. Nasi hatuna la kumpinga. Tunaongeza tu kwamba mfadhili wake alijulikana tangu kesi ikiendelea, na kujulikana huko hakukuiua kesi.

Kesi mbili zilizofunua kilichofichwa

Tuitazame Marekani. Mwezi Machi 2016 jopo la raia waamuzi katika jimbo la Florida liliiamuru kampuni ya Gawker, yenye gazeti la mtandaoni, imlipe mcheza mieleka Hulk Hogan dola milioni 140 kwa kuchapisha mkanda wa faragha yake. Hatuna machozi ya kuililia Gawker, kwa sababu kuanika aibu za watu vyumbani mwao si uandishi wa habari. Lakini mwezi Mei mwaka huo, hukumu ikiwa imekwishatoka, ilibainika kuwa gharama za kesi zilikuwa zikilipwa kwa siri na tajiri Peter Thiel, ambaye alitumia takribani dola milioni 10. Gazeti hilo lilikuwa limeandika habari za maisha yake binafsi mwaka 2007, naye akangoja. Mwezi Juni 2016 Gawker iliomba kinga ya kufilisika.

Kuna jambo moja katika kesi ile lililowashangaza waliokuwa wakiifuatilia. Mawakili wa Hogan waliliondoa dai lile ambalo bima ya Gawker ingeweza kulilipia. Mdai wa kawaida hupenda mdaiwa awe na bima, kwa sababu ndiko fedha iliko. Kwa nini basi aifunge njia ya fedha kwa mkono wake? Jina la Thiel lilipotajwa, watu wakaanza kupata jibu: aliyelipa hakuwa akitafuta fedha, alikuwa akitafuta mwisho wa gazeti. Raia waamuzi wale hawakuyajua hayo walipoamua. Yawezekana wangeamua vile vile. Hata hivyo, hakimu anayesimamia mazungumzo ya suluhu bila kujua kwamba mtu mwenye kauli hataki suluhu, anapoteza muda wake na wa watu wote.

Kesi ya pili ni ya Sysco, kampuni kubwa ya Marekani inayosambaza vyakula. Iliwashitaki wauzaji wa nyama kwa madai kwamba walipanga bei kwa pamoja, ikapokea dola milioni 140 kutoka kwa kampuni ya ufadhili ya Burford. Sysco ilipotaka kupatana na baadhi ya wadaiwa, Burford ilisema kiasi ni kidogo mno, ikaenda kwa wasuluhishi, na mwaka 2023 ikapata amri ya kuizuia Sysco isipatane. Yaani mwenye kesi anasema nimeridhika, mlipaji anasema hujaridhika! Mwisho wake Sysco iliyakabidhi madai yake kwa kampuni tanzu ya Burford. Mwaka 2024 mahakama ya Minnesota ilikataa kampuni hiyo ichukue nafasi ya mdai, ilhali ile ya Illinois iliruhusu. Sysco ni jabali lenye jeshi la mawakili. Basi fikiri, ndugu msomaji, mjane aliyesaini mkataba kama ule kwa ajili ya kesi ya ajali ya mumewe atasimama wapi.

Kutokana na mambo kama haya mahakama zimeanza kuamka, kila moja kwa hatua yake. Mahakama ya Shirikisho ya New Jersey mwezi Juni 2021 ilitunga kanuni kwamba ndani ya siku 30 mhusika amtaje mfadhili wake, aeleze kama idhini ya mfadhili inahitajika katika maamuzi ya kesi au ya suluhu, na aeleze kwa ufupi maslahi ya mfadhili ni ya namna gani. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haimtazami anayetafuta fedha peke yake. Inamgusa pia anayelipa ili apate matokeo yasiyo ya fedha, na kwa hiyo mtu wa namna ya Thiel asingepenya. Huko Delaware, Jaji Mkuu wa mahakama ya shirikisho, Colm Connolly, alitoa amri ya aina hiyo mwezi Aprili 2022. Alipoanza kuwaita wenye kampuni ndogondogo zilizokuwa zikishitaki kwa haki za uvumbuzi, walijitokeza watu wa kawaida kabisa, mmoja wao mwenye biashara ya chakula huko Texas, ambao hawakuwa wamezilipia haki hizo wala kumchagua wakili, bali waliwekwa mbele kwa ahadi ya asilimia ndogo. Wadai wa karatasi hao! Bila amri ile wangeendelea kuwa wadai mbele ya sheria.

ICSID nayo, kwa kanuni zake mpya zilizoanza tarehe 1 Julai 2022, kanuni ya 14, inamtaka kila mhusika aandike jina na anwani ya anayemfadhili, na kama mfadhili ni kampuni, awataje wanaoimiliki na kuitawala. Mashauri yale matatu ya Tanzania yalifunguliwa mwaka 2020 na 2021, kabla ya kanuni hiyo. Sababu kubwa ya kanuni ni waamuzi wenyewe. Wanaokaa kuhukumu mashauri haya ni kundi dogo la watu duniani, na leo mtu huyu ni mwamuzi, kesho ni wakili katika shauri jingine linalolipiwa na mfadhili yule yule. Jina lisipotajwa, mgongano huo hauonekani. Na huko Uingereza, Baraza la Haki za Madai lilipendekeza mwezi Juni 2025 kwamba kuwapo kwa ufadhili, jina la mfadhili na asili ya fedha yenyewe viwekwe wazi mapema mbele ya mahakama na mbele ya upande wa pili, lakini masharti ya mkataba yasilazimike kuonyeshwa.

Wanaodai uwazi, nao ni akina nani?

Hapa lazima tuseme kweli hata kama inauma. Huko Marekani walio mstari wa mbele kudai kanuni hizi ni jumuiya za wafanyabiashara wakubwa na makampuni ya bima, yaani wale wale wanaoshitakiwa. Mtu anayeshitakiwa mara kwa mara hapendi mdai wake apate fedha, na ataliita pingamizi lake kwa jina zuri la uwazi. Upande wa pili unajibu kwamba tajiri akijua mdai ana kiasi gani mfukoni, atahesabu siku: atafungua maombi haya na yale hadi mfuko utoboke. Katika kesi ya Posta tuliyoitaja, mwezi Machi 2019, baada ya hukumu ya kwanza, Posta iliomba jaji ajitoe kwa madai ya upendeleo, ombi ambalo lilikataliwa. Maombi ya aina hiyo hula siku za mahakama, na siku za mahakama ni fedha ya mdai.

Hoja hiyo tunaikubali, na ndiyo inayotufanya tuchague mpaka. Tunaona jina la mfadhili litajwe, litajwe pia la mmiliki wake wa kweli na wapi fedha ilikotoka, na isemwe waziwazi kama ana kauli juu ya suluhu. Kiasi cha fedha na mipango ya mawakili vibaki siri, isipokuwa hakimu mwenyewe akiona haja ya kuuona mkataba, na auone faraghani. Nje ya mpaka huo uwazi unageuka silaha ya mwenye nguvu.

Aidha, uwazi usiwe wa upande mmoja. Mdaiwa ambaye bima yake ndiyo inayolipa mawakili na ndiyo itakayoamua kupatana au kutopatana, naye ana mtu nyuma yake. Wamarekani waliliona hili zamani: tangu mwaka 1970 kanuni zao za madai zinaruhusu mkataba wa bima unaoweza kulipia hukumu ujulikane kwa upande wa pili. Sasa kama bima ya mdaiwa huwekwa wazi na haki haikufa, ni kwa hoja gani mfadhili wa mdai afichwe?

Mtu anaweza kutuuliza: na michango yetu je? Waumini hukusanya fedha baada ya sala ya Ijumaa kumsaidia ndugu aliyenyang'anywa shamba, au kulipia wakili wa kesi ya kiwanja cha msikiti. Je, orodha ya kila aliyetoa shilingi elfu moja ipelekwe mahakamani? Hatuoni hivyo. Aliyetoa kwa ajili ya thawabu, asiye na fungu katika kitakachopatikana wala sauti katika uendeshaji wa kesi, hana mgongano wowote wa kumletea hakimu. Kanuni nzuri ni ile inayomkamata mwenye fungu na mwenye sauti, na kumwacha msamaria apite. Mashirika ya msaada wa kisheria yanayofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo yaingie katika kundi hilo la pili, madhali hayagawani chochote na mteja.

Lakini si kila anayetoa msikitini ametoa kwa thawabu. Mali za wakfu na viwanja vya misikiti katika miji yetu vimepanda thamani, na penye thamani hapakosi mgogoro. Kamati isiyo na fedha ikipata mtu wa kusema "kesi hii nitaibeba mimi", furaha huwa kubwa na maswali huwa machache. Kesi ikisha kushinda, ndipo inapotolewa karatasi: theluthi ya kiwanja, au upangaji wa maduka ya mbele kwa miaka kadhaa, au haki ya kujenga. Mali ya wakfu haigawiki kwa makubaliano ya mwenyekiti na katibu, na hilo wanalijua. Kwa hiyo kamati yoyote inayoahidiwa kubebewa kesi iulize kabla ya kupokea hata senti: mtoaji ni nani hasa, anatoa fedha ya nani, anatarajia nini, na siku upande wa pili ukitaka suluhu nani atasema ndiyo au hapana. Majibu yaandikwe, yasainiwe, na yasomwe mbele ya jamaa wote wa msikiti. Asiyetaka yasomwe, fedha yake irudishwe.

Kwa upande wa mahakama zetu, kanuni za mwenendo wa madai tayari zinataka hati ya madai itaje jina na makazi ya mdai na ya mdaiwa. Kuongeza hapo jina la anayelipa kwa matarajio ya kugawana, na kumtaka mdaiwa naye aseme ni nani anayemlipia, ni aya mbili za kanuni. Bunge letu, ambalo liliidhinisha bajeti wakati malipo yale ya dola milioni 147 yakiendelea, linaweza kuanza na swali jepesi zaidi: katika kila shauri la kimataifa linaloikabili Tanzania hivi leo, ni nani amekwishatajwa chini ya kanuni ya 14?